Mstari Kwanza, Rangi Baadaye: Namna ya Kuitazama Litografia Iliyopakwa Rangi kwa Mkono

Mbele ya picha dhahania wengi wetu hukimbilia kuuliza, "Hii ni picha ya nini?" Kwa litografia iliyopakwa rangi kwa mkono, swali hilo litakuchosha bure. Uliza badala yake: kipi kilitangulia? Hapo utapata jibu lisilo na ubishi. Mstari mweusi ulitangulia. Ulichapwa kutoka kwenye jiwe, ukaachwa ukakauka, na rangi ikaja baadaye kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Ni kazi mbili zilizofanywa kwa nyakati mbili, pengine hata na watu wawili. Ukizitazama zote kwa mpigo tangu mwanzo utaona mchanganyiko tu. Ukizitenga kwanza, kisha ukaziunganisha, utaona rangi inavyoujibu mstari: inaukubali, inaubishia, au inapita zake kama haiujui.

Mfano nitakaoutumia ni litografia ya Paul Klee ya mwaka 1916, *Zerstörung und Hoffnung*, yaani "Uharibifu na Matumaini". Nakala yake mojawapo imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York, na picha yake inapatikana mtandaoni bila taabu. Ifungue kwenye simu yako uwe nayo karibu unaposoma.

Jiwe, mafuta na maji

Huwezi kuielewa rangi iliyo juu bila kujua ilitua juu ya kitu gani. Litografia ni uvumbuzi wa Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia wa Munich aliyekuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa michezo yake mwishoni mwa miaka ya 1790. Alichogundua ni kwamba hakuna haja ya kuchonga jiwe. Inatosha kuchora juu yake kwa kitu chenye mafuta, kwa sababu mafuta na maji hayapatani.

Jiwe lililozoeleka ni la chokaa, kutoka machimbo ya Solnhofen huko Bavaria, lenye chembe ndogo na laini kiasi kwamba linasuguliwa likawa sawasawa kama kioo. Msanii huchora kwa kalamu ya nta au kwa wino wa mafuta. Baada ya hapo jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo, na gundi hiyo huzifanya sehemu zisizochorwa zipende maji na kuukataa wino. Jiwe huloweshwa, rola yenye wino wa mafuta hupitishwa juu yake, na wino hushika pale tu palipochorwa. Karatasi hulazwa juu, hubanwa kwa mashine, na mchoro hutoka ukiwa umegeuzwa, kushoto kulia na kulia kushoto. Magazeti na vitabu vya shule tunavyosoma leo, vingi vinachapwa kwa mashine za ofseti zinazofuata kanuni hii hii, ila jiwe limeliachia nafasi bamba jembamba la alumini.

Gundi hiyo nitaisemea zaidi kidogo. Inatoka kwenye migunga ya ukanda ulio kusini mwa Sahara, na Sudan ndiyo mzalishaji wake mkubwa duniani. Ndiyo gundi ile ile inayoshikanisha unga wa rangi katika rangi za maji. Kwa hiyo katika picha uliyo nayo mbele yako, utomvu wa mti mmoja wa Afrika umefanya kazi mara mbili: kwanza juu ya jiwe kuuzuia wino, kisha ndani ya brashi kuishika rangi kwenye karatasi. Na kwa kuwa wino wa chapa ni wa mafuta, rangi ya maji haiwezi kuuyeyusha. Mstari unabaki safi chini ya rangi, hata rangi ikipita juu yake mara tatu. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwa Klee.

Katika karne ya 19 kazi ya rangi hii ya mkono ilikuwa ya kutumika tu, sina neno jingine. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Mulhouse alipata hataza ya kuchapa litografia kwa mawe mengi, kila jiwe na rangi yake, lakini kwa miongo kadhaa watu waliendelea kupaka kwa mkono. Nakala za bei ya juu za michoro ya David Roberts ya Misri na Nubia, iliyochapwa London katika miaka ya 1840, zilipakwa hivyo. Huko New York, karakana ya Currier & Ives iliajiri wanawake waliokaa pamoja mezani, kila mmoja na rangi yake, nakala ikipita kutoka mkono hadi mkono. Kazi ya rangi hapo ilikuwa kutii: mbingu ni za samawati, majani ni ya kijani, na anayekosea anaharibu bidhaa. Wasanii wa karne ya 20 walirithi brashi na karatasi hiyo hiyo, ila wakaacha kuidai rangi ifanane na kitu chochote.

Hakikisha kwanza kwamba ni mkono

Kabla ya kuzungumzia hisia, jiridhishe kwamba unachokitazama kweli kilipakwa kwa mkono. Zipo picha nyingi zilizochapwa kwa mashine kutoka kwenye picha ya kamera, zikauzwa kwa jina la litografia. Chukua kioo cha kukuzia kinachokuza mara kumi. Wauza vito na mafundi saa wanavyo. Tazama eneo lenye rangi. Ukiona vitone vidogo vya samawati, waridi, manjano na vyeusi vimejipanga kwa utaratibu, umeshika nakala ya ofseti, hata kama imetiwa fremu ya dhahabu. Rangi ya mkono haina vitone vya kupangwa. Ni utando mmoja, na chembe za unga wa rangi zimetuama ovyo kwenye vishimo vya karatasi.

Kisha tazama kingo. Rangi ya maji inapokauka husukuma chembe zake pembezoni, kwa hiyo ukingo wa doa huwa mweusi kidogo kuliko katikati. Pale brashi ilipoinuliwa hubaki tone lililokolea. Pale rangi ilipokutana na mstari mnene wenye mafuta, huenda ilirudi nyuma ikaacha upenyo mwembamba mweupe. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari, nawe utaona mahali maji yalipoikunja karatasi kidogo. Huhitaji kugusa chochote kwa kidole. Usiguse.

Ukipata bahati ya kuona nakala mbili za chapa moja, zilinganishe. Mistari itakuwa ile ile. Rangi hazitakuwa zile zile, hata kama msanii alinuia zifanane.

Itazame mara tatu

Sasa rudi kwa Klee. Mara ya kwanza izime rangi. Simu nyingi zina njia ya kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, itumie. Kinachobaki ni mistari mikali iliyovunjikavunjika, pembe juu ya pembe, inayoweza kusomwa kama kuta na mapaa yaliyoporomoka bila kuwa mchoro wa jengo lolote. Jicho linazunguka halipati pa kutua. Kaa na hali hiyo dakika mbili au tatu. Huo ndio mchoro uliotoka kwenye jiwe, na kila nakala ilianza hivyo.

Mara ya pili rudisha rangi, halafu jaribu kuisahau mistari. Jiulize rangi ziko ngapi, ziko wapi, zina ukubwa gani, na ni wapi msanii ameamua asipake kitu. Wengi huruka swali hili la mwisho, nalo ndilo lenye uzito. Klee hakuujaza ukurasa. Rangi zake nyepesi zimetua mahali pachache, kwenye maumbo ya nyota, ya mwezi, ya duara. Katika nyeusi na nyeupe maumbo hayo yalikuwa karibu kumezwa na vurugu. Rangi ndiyo iliyoyaokota. Angalia pia rangi moja ikijirudia mahali pawili palipo mbali. Jicho litaruka kutoka mahali pamoja hadi pengine, na katika picha isiyo na mtu, mti wala nyumba, mruko huo ndio unaokuonyesha njia ya kupita.

Mara ya tatu ziunganishe, na hapo usiwe na haraka. Je, rangi imekaa ndani ya mpaka wa mstari au imeuvuka? Ikikaa ndani, inalithibitisha umbo. Ikivuka, inasema umbo si gereza lake. Je, mstari unaonekana kupitia rangi? Hapa ndipo ile habari ya mafuta na maji inapolipa. Rangi ya maji hupitisha mwanga, haifuniki. Kwa Klee, mistari ya uharibifu inapita katikati ya nyota na mwezi, nyeusi vile vile kama ilivyokuwa. Matumaini yake hayajaufuta uharibifu wala hayajausogeza kando. Yamewekwa juu yake, nao unaonekana. Kama angetumia rangi nzito ya mafuta angepata picha nyingine kabisa, na kwa maoni yangu angepata uongo.

Maneno uharibifu na matumaini nimeyaazima kwenye jina la picha, lakini ushahidi wangu mpaka hapa ni mistari na rangi, si jina. Ni makusudi. Jina lisome mwisho, baada ya macho kufanya kazi yake, maana jina la picha dhahania huongoza kwa kamba. Na baada ya jina, soma mwaka. Klee, mzaliwa wa Uswisi mwenye uraia wa Ujerumani, alikwenda Tunisia mwezi Aprili 1914 pamoja na wachoraji August Macke na Louis Moilliet. Mwanga wa Tunis na Kairouan ulimgeuza. Mtu aliyejulikana zaidi kwa mistari alirudi akijihesabu kuwa mchoraji wa rangi. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikaanza. Macke aliuawa Septemba mwaka huo huo huko Ufaransa. Tarehe 4 Machi 1916 rafiki yake mwingine, Franz Marc, akauawa karibu na Verdun, na wiki moja baadaye Klee mwenyewe akaitwa jeshini. Mstari mweusi na rangi ya Kairouan vimekutana katika karatasi moja ya mwaka huo. Sidai kwamba kila doa la rangi lina maelezo katika maisha yake. Nasema tu kwamba ukijua hayo, huwezi tena kuziita rangi hizo mapambo.

Acha kamusi ya rangi nyumbani

Utakutana na orodha zinazosema nyekundu ni hasira, samawati ni utulivu, nyeusi ni msiba. Ziache. Katika pwani yetu kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni ya bibi harusi. Na nyeupe ni rangi ya kanzu ya sikukuu na ya sanda pia. Rangi haina maana moja iliyobandikwa mgongoni.

Hata Wassily Kandinsky, aliyeandika kitabu kizima kuhusu nguvu za rangi katika sanaa, kilichotoka Munich mwishoni mwa 1911, hoja yake yenye manufaa zaidi kwa mtazamaji ni ya mwendo, si ya maana: manjano huonekana kumjia mtazamaji, samawati huonekana kurudi nyuma. Hilo unaweza kulipima kwa macho yako mwenyewe. Simama hatua tatu kutoka kwenye picha na uangalie ni doa gani linakufuata na lipi linajificha.

Jambo la pili la kupima ni ujirani. Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, alieleza katika kitabu cha 1839 kwamba rangi hubadilika machoni kwa sababu ya jirani yake. Jaribu nyumbani: kata vipande viwili vya karatasi ile ile ya kijivu, kimoja ukiweke juu ya kitambaa chekundu, cha pili juu ya kijani. Cha kwanza kitaelekea ukijani, cha pili wekundu, na utaapa ni karatasi mbili tofauti. Katika litografia ya mkono kila rangi ina majirani wawili wa kudumu, wino mweusi na weupe wa karatasi. Kando ya mstari mzito mweusi, hata manjano hafifu huwaka. Manjano hiyo hiyo ikiachwa peke yake katikati ya karatasi tupu karibu ipotee. Kwa hiyo msanii mwenye akili hahitaji rangi nyingi. Anahitaji kujua aiweke karibu na nini.

Mwisho tazama namna rangi ilivyowekwa, maana brashi huacha ushahidi wa mwendo wake. Ukingo mkali unaonyesha karatasi ilikuwa kavu na mkono ulikuwa na uamuzi. Ukingo unaoyeyuka unaonyesha karatasi ilikuwa mbichi na msanii aliyaachia maji yaende yatakako. Michirizi mikavu yenye mapengo ni haraka, au hasira, au vyote viwili.

Ukitaka kuinunua na kuitunza

Kwenye chapa nyingi za karne ya 20 na za leo utaona saini ya penseli chini, kwa kawaida kulia, na namba kushoto. Namba kama 12/35 ina maana kwamba hii ni nakala ya 12 kati ya 35. Haina maana kwamba ni bora kuliko ya 30. Alama E.A. huonyesha nakala aliyojiwekea msanii. Swali la kumuuliza muuzaji, na usikubali akuzungushe, ni hili: nani alipaka rangi, na lini? Msanii mwenyewe, karakana iliyofuata kielelezo chake, au mfanyabiashara fulani miaka mingi baadaye ili chapa ya zamani ivutie wateja? Jambo hili la tatu hutokea sana kwenye chapa za karne ya 19, na rangi mpya sana kwenye karatasi ya zamani sana ni dalili ya kutosha ya kusita kutoa pesa.

Ukishaifikisha nyumbani, adui wa kwanza ni mwanga. Makumbusho hulenga takriban luksi 50 kwa kazi za rangi za maji, kiasi ambacho wageni hulalamika kwamba chumba kina giza. Rangi iliyofifia hairudi. Kwa hiyo usiitundike mkabala na dirisha, hata kama sebule itapendeza namna gani. Adui wa pili, hasa kwa aliye Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, ni unyevu. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukizidi kwa muda mrefu asilimia 65 hivi, na gundi iliyomo ndani ya rangi ni chakula chake. Chagua ukuta wa ndani ya nyumba, usio wa bafuni wala wa upande unaopigwa na mvua. Bandika vipande vidogo vya koki nyuma ya pembe za chini za fremu ili hewa ipite.

Kwa fundi wa fremu uwe mkali. Mwambie kioo kisiguse karatasi. Aweke kadibodi yenye dirisha katikati, isiyo na asidi, na nyuma pia asiweke ubao mtupu. Asiibandike picha kwa selotepu wala gundi ya mbao, na asipunguze kingo ili iingie kwenye fremu aliyo nayo dukani. Fremu ndiyo ikatwe.

Jaribu mwenyewe

Kujifunza rangi bila kushika brashi kuna ukomo, na jaribio hili halina gharama kubwa. Chora kwa kalamu nyeusi mistari isiyo picha ya kitu, mingine minene, mingine myembamba, na mahali pengine iache ikutane na kujifunga. Ipeleke kwenye duka la fotokopi utoe nakala sita kwenye karatasi nzito kidogo. Iwe fotokopi au printa ya leza, kwa sababu unga wake huyeyuka kwa joto ukaganda na hauchujuki kwa maji. Printa ya wino itakuchafulia kazi yote.

Chukua rangi za maji za watoto wa shule. Nakala ya kwanza ipake rangi moja tu, mahali pamoja tu. Ya pili ipake rangi hiyo hiyo mahali pengine, kisha zilaze pamoja uone picha ilivyohama ingawa mistari ni ile ile. Ya tatu jaza kila umbo lililofungwa, na ya nne vuka kila mpaka. Ya tano lowesha karatasi kwanza ndipo upake. Ya sita iache bila rangi, uitundike katikati ya nyingine. Nyingi zitakuwa mbaya, hasa ile ya tatu, kwa sababu rangi inayojaza kila nafasi huunyima mstari kazi. Zihifadhi zote, ziandike namba kwa penseli kwa mpangilio uliozipaka, na utakapokwenda tena kwenye maonyesho yoyote ya chapa, muombe mwenyeji akuonyeshe nakala moja nje ya fremu. Wenye maghala ya sanaa wengi hukubali wakiulizwa kwa heshima.